Mtu Aliyetupanga

Hakuwa mtu wa kuingia uani moja kwa moja. Alisimama mwisho wa migomba, pale kivuli kinapoishia na uwanja unapoanza, akakohoa, halafu akatazama. Alitazama mlango, akatazama jiko, akatazama nani ameketi wapi. Mama akimwona hivyo alipangusa mikono kwenye nguo yake na kusema kwa sauti ya chini, "Leo anamtaka nani huyu?" Maana hakuwahi kuja kwetu kuomba chumvi wala kaa la moto kama majirani wengine. Alikuja kuchukua mtu wa kazi. Ukishamwona amesimama pale, ulijua kwamba katika nyumba hiyo mmoja ataacha alichokuwa anafanya.

Sisi watu wa Kimuli tulimwita Mpangaji. Wajukuu zangu wakinisikia wanadhani nasema mtu aliyekodi chumba. Siku zile nani angekodi chumba Kimuli? Mpangaji wetu alikuwa mtu wa kupanga watu. Nyumbani kwa Kinyambo tulisema omutegeki, na ukisema hivyo hakuna aliyeuliza wa nini. Harusi alipanga yeye. Msiba alipanga yeye. Siku ya kukamua ndizi za pombe, ni yeye aliyesema nani aingie kwenye mtumbwi wa kukamulia na nani achote maji. Mukungu, yaani mkuu wa kijiji, akitakiwa na wakubwa wake atoe watu wa kulima barabara, hakuhangaika kuzunguka nyumba kwa nyumba. Alimwambia Mpangaji, basi asubuhi watu wako barabarani na majembe. Hata mzungu mmoja wa serikali aliwahi kupita akauliza nani amewaweka watu hawa vizuri namna hii, wakamwonyesha. Mzungu akampa mkono. Mpangaji akaupokea, akautazama ule mkono kama anaukadiria unafaa kazi gani.

Aliwagusa watu begani kwa vidole viwili. Hakusema "njoo." Alisema "wewe, na wewe," akagusa, akaendelea. Na alivyotaja watu, alitaja vipande. "Mama Kaijage, niletee mikono miwili ya kumenya." "Nataka mabega manne yenye kimo kimoja." "Naomba macho ya kukaa pale njiani." Mama, ambaye Kaijage alikuwa mwanawe wa kwanza, alisema siku moja akiwa jikoni, "Kuna siku huyu atakuja kuomba ini." Tukacheka. Baba hakucheka, alikuwa anachonga mpini.

Lakini nisimseme kwa ubaya tu, nitakuwa nadanganya. Mtu huyu alijua kazi yake. Nakumbuka harusi ya binamu yangu Kokubanza. Wazee wawili, Bitegeko na Tibanyenda, walikuwa na ugomvi wa zamani wa mpaka wa shamba, na kila mmoja alitaka kigoda kilicho karibu na baba wa bwana harusi. Wameshaanza kutupiana maneno.

"Bitegeko, hicho kigoda hakikutengenezwa kwa makalio ya mwizi wa ardhi."

"Na wewe Tibanyenda, lini umekaa juu ya kitu ambacho hukuazima?"

Mpangaji akaja taratibu, akakichukua kigoda chenyewe, akakipeleka jikoni kwa wanawake. Akaagiza nyasi laini zitandazwe upya, watu wote wakae chini, na wale wawili akawaweka goti kwa goti na kibuyu kimoja cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, katikati, mirija miwili. "Mkivutana mtaimwaga," akasema. Hadi jua linakwenda kuzama wale wazee walikuwa wanaegemeana. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilimtazama Mpangaji. Hakucheka. Alikuwa anatazama mahali pengine palipokuwa hapajakaa sawa.

Na yeye mwenyewe hakukaa. Alikula amesimama, alikunywa wa mwisho.

Kulikuwa na mtu mmoja wa Ruanda aliyekuwa anatoka kwenye machimbo ya bati kule Kyerwa. Alianguka njiani karibu na kwetu, akafa, hakuna aliyejua jina lake wala ukoo wake. Wengine walisema asukumwe tu kando mukungu aje amwone. Mpangaji akakataa. Aliagiza aoshwe, akachimbiwa kaburi zuri lenye kina, akafungwa katika shuka safi. Halafu akapita mbele ya wanawake, akagusa mabega: "Wewe, wewe na wewe, lieni." Wakalia. Ma Kemilembe, mkunga wetu, mwanamke wa maneno makali, alilia mpaka akapiga magoti. Na mimi nililia, sikujua kwa nini nalia, ila nilikuwa nimeguswa begani. Nilipokua ndipo nilipoanza kuogopa nikikumbuka machozi yale. Yalikuwa machozi ya kweli. Alituambia yatoke yakatoka.

Nyumbani kwake sasa. Huwezi kuamini. Mbuzi walilala kwenye kitanda, jembe lake mwenyewe hakujua liko wapi, aliazima. Mkewe alikuwa ameondoka, amerudi kwao, akaolewa tena. Siku moja tukiwa tunakamua ndizi, Ma Kemilembe akamwambia mbele za watu, "Mpangaji, umetupanga sisi wote, mkeo akajipanga mwenyewe akaenda." Watu walicheka sana. Naye akatabasamu kidogo, akasema, "Umesema kweli, Ma Kemilembe." Tangu siku hiyo, kila shughuli iliyofanyika Kimuli, Ma Kemilembe alipangwa kusugua vyungu. Harusini vyungu, msibani vyungu. Hakukemewa, hakuambiwa neno. Mikono yake ya ukunga ikawa na masizi siku zote, na akinywa nasi pombe alikaa karibu na mlango, pale moshi unapotokea. Siku moja akatuambia tuliokuwa naye, "Msimchokoze yule. Hakasiriki. Angekuwa anakasirika ingekuwa nafuu."

Sasa niseme habari ya machela, maana bila hiyo huwezi kumwelewa.

Wakati huo hakuna gari lililopita kwetu. Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, unatoka asubuhi na mgonjwa, unapanda na kushuka vilima, unafika jua limekwisha. Mgonjwa alibebwa kwenye machela iliyosukwa kwa fito na kamba, yenye miti miwili mirefu, watu wanapokezana. Machela ya kijiji ilikuwa moja, na ilitundikwa nyumbani kwa Mpangaji juu ya moto ili wadudu wasiile. Ilikuwa nyeusi kwa moshi. Mgonjwa akizidiwa, watu wa nyumba yake walimwendea Mpangaji, naye akasimama kwenye kichuguu nyuma ya nyumba yake akaita. Aliyesikia jina lake aliacha jembe ardhini akaja. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ni nani. Leo unambeba mke wa Byabato, kesho Byabato atambeba wako. Na zamu zote hizo, nani alibeba lini, nani alikosa, nani anadaiwa bega, zilikaa kichwani mwa mtu mmoja.

Sasa, mtu huyo huyo aliyempa mukungu watu wa barabara ndiye aliyewapanga watu wa kuvusha kahawa. Bei ya ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, ilikuwa nzuri kuliko ya mizani ya kwetu. Serikali ilikataza kahawa kuvuka, na askari walikaa Murongo kwa ajili hiyo. Kwa hiyo ilivuka kwa kupangwa. Kila nyumba ilitoa kijana mwenye nguvu. Kila kijana alimjua aliye mbele yake njiani na aliye nyuma yake, basi. Akishikwa, hana wengi wa kuwataja. Mpangaji hakuwahi kuonekana na hata punje moja ya kahawa mkononi. Mukungu alijua? Nadhani alijua. Lakini nani angempangia watu wa barabara?

Basi siku moja alikohoa mwisho wa migomba yetu. Baba yangu, Rwegasira, alikuwa anaanika kahawa kwenye majamvi, na mimi nachambua majani yaliyomo.

"Ta Rwegasira, nahitaji mabega ya Kaijage."

"Yaende wapi?"

"Murongo."

"Murongo kuna nini?"

"Kuna mto."

"Mto naujua. Nauliza ng'ambo yake."

"Ng'ambo ni ya wengine. Yeye atavusha mzigo, ataushusha ukingoni, atarudi kula chakula cha mama yake."

Baba akaendelea kuisambaza kahawa kwa kiganja. "Mimi kahawa yangu nauza hapa hapa. Wananipunja, najua. Lakini nikilala nalala. Kaijage haendi."

Mpangaji hakubisha. Alitazama jamvi, akatazama nyumba, akanitazama mimi. "Sawa, Ta Rwegasira," akasema. "Basi nitakupanga kwingine." Alisema kama mtu anayesogeza kigoda tu.

Kaijage mwenyewe ndiye aliyeona uchungu. Alikuwa kijana mrefu, anapenda kusifiwa, na wenzake wote walikuwa wamekwenda. "Wananiita mwali, baba," akasema jioni tukila. Baba akajibu, "Mwali ana miguu mikavu. Kula." Mama akacheka mpaka akapaliwa.

Hakuna kilichotokea. Ndiyo ilikuwa namna yake. Mvua ikanyesha, migomba ikazaa, senene wakaja wakaenda. Ila machela ilipotoka, jina la baba halikuitwa. Mara ya kwanza baba alisema labda hakusikia, upepo ulikuwa mkubwa. Mara ya pili alisikia majina ya wengine wote vizuri kabisa, la kwake halimo. Mama alifurahi. Kwa kweli alifurahi, maskini, kwa kuwa baba alikuwa na maumivu ya mgongo. Alisema Mpangaji ameona uzee wake amemhurumia. Akajaza kibuyu cha lubisi akanituma nimpelekee kushukuru. Mpangaji akakipokea kwa mikono miwili. "Mwambie mama nimeshukuru," akasema. "Na baba apumzike."

Baba ndiye aliyeanza kuelewa. Siku mtoto wa Tibanyenda alipovunjika mguu, baba alikwenda bila kuitwa, akaingiza bega chini ya mti wa machela pamoja na wengine. Nilikuwepo. Mpangaji akaja, akamgusa begani kwa vile vidole viwili, kwa upole kabisa.

"Pumzika, Ta Rwegasira. Zamu si yako."

"Lini itakuwa yangu?"

"Pumzika."

Wengine walikuwa wameinamisha vichwa wanatazama kamba. Baba akatoka. Machela ikaondoka, naye akabaki amesimama njiani, mkono mmoja unasugua bega kana kwamba limebeba. Alipofika nyumbani alimwambia mama, "Wamenipumzisha tena." Mama akasema, "Si afadhali?" Baba akamtazama tumbo, maana mama alikuwa na mimba, akaingia ndani.

Tangu hapo nilimwona baba akijipendekeza, jambo ambalo hakuwa nalo. Alichanja kuni akapeleka misibani, akazikuta kuni zimeshatosha. Alikwenda harusini, akakuta nafasi yake imewekwa nyuma ya watoto wakubwa. Watu hawakumchukia. Walimsalimu, walicheka naye njiani. Ila kwenye shughuli yoyote hapakuwa na mahali panapomngoja.

Siku ya mama ilikuja asubuhi, mvua imekatika, jua linachoma. Uchungu ulianza vizuri, halafu ukakwama. Ma Kemilembe alifanya alivyojua, akatoka nje, akanawa mikono, akamwambia baba, "Mtoto amekaa vibaya. Mimi hapa nimefika mwisho. Huyu ni wa hospitali, na aende sasa hivi."

Baba akakimbilia kwa Bitegeko, kwa kuwa ndiye wa karibu. Mimi nikamfuata. Bitegeko alikuwa ameketi mlangoni, amejifunga nguo kiunoni vile wanavyojifunga watu wa kubeba.

"Mke wangu anakufa, Bitegeko."

"Nimesikia, ndugu yangu. Ameshatuita?"

"Mimi nakuita."

Bitegeko akaangalia pembeni. "Nikiitwa tu, Ta Rwegasira, hata maji sinywi, nakuja. Lakini wewe si wa kuita. Unajua."

Tukaenda kwa Byabato. Naye amejifunga kiunoni, ameketi. "Ameshatuita?" Tukaenda kwa Tibanyenda, ni hivyo hivyo. Hakuna aliyekataa. Naapa hakuna hata mmoja aliyekataa. Na wote walikuwa tayari, ndilo lililonitisha mimi mtoto, walikuwa wamejiandaa kabla hatujafika, wanangoja.

Nyumbani kwa Mpangaji machela haikuwa juu ya moto. Ilikuwa imeshashushwa, imelazwa mlangoni, na yeye alikuwa anakaza kamba zake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti Rwegasira. Mama anaendeleaje?"

Baba akasema, "Unajua anavyoendelea."

"Najua. Ndiyo maana nimeishusha."

"Basi ita watu."

Akakaza fundo. "Niwaite wambebee nani, Ta Rwegasira? Nikitazama katika hawa watu sioni bega lako. Bitegeko ataniuliza, Rwegasira alinibebea nani? Nimjibu nini?"

"Bega langu ulilikataa wewe."

"Nililipumzisha. Wewe ulisema unataka kulala."

Kutoka pale tulipokuwa, nyumba yetu haionekani, lakini upepo ulikuwa unaleta sauti. Baba aliisikia.

"Unamtaka Kaijage," akasema.

"Mimi simtaki mtu. Kazi ndiyo inataka."

"Mchukue."

"Sema vizuri, mtoto asikie. Asije akakua akasema nililazimisha."

Baba hakunitazama. "Kaijage ataenda Murongo," akasema.

Mpangaji akapanda kile kichuguu, akaweka kiganja mdomoni, akaita mara moja tu. Na wakatoka. Bitegeko akatokea kwenye migomba yake, Tibanyenda kwenye yake, Byabato, Mutalemwa, Rwechungura, Ndyanabo na mdogo wake Kabyemela. Wanakimbia. Nawataja kwa sababu walimbeba mama yangu na walimbeba vizuri. Kwenye miteremko walishusha magoti ili machela isiiname. Waliimba taratibu ili asisikie mawe. Byabato alichomwa na mti mguuni hakusimama. Kama ni upendo, mimi sijui upendo mwingine unaozidi ule, na mpaka leo sijui niuweke wapi.

Mama alipona. Mtoto alitoka mzima, ndiye mdogo wangu Kokugonza.

Kaijage aliondoka na mzigo kabla mama hajarudi. Aliondoka kwa furaha, amechonga fimbo mpya, ananitania kwamba akirudi ataleta sabuni ya Uganda ninawe uso. Wenzake wakarudi. Yeye hakurudi. Baba alipozunguka kuuliza, kila kijana alisema alichojua, na alichojua kilikuwa kidogo. Mmoja alisema alimwona kwenye kilima cha mwisho. Mwana wa Bitegeko alisema alimwona mtoni, halafu akaingia ndani. Mama akafika na mtoto mgongoni, anaita toka njiani, "Kaijage, njoo umwone mdogo wako."

Mpangaji alikuja kesho yake. Akasimama mwisho wa migomba, akakohoa.

"Kazi ilivunjika," akasema. Halafu akaanza kutazama uwanja, anapima watu watakaa wapi.

Mama akamwambia, "Usinipangie matanga. Mwanangu sijamwona amekufa."

Akainamisha kichwa, akaondoka. Baba ndiye aliyekonda. Hakuumwa kitu unachoweza kukitaja, alikonda tu, na mvua za mwaka uliofuata hazikumkuta. Mazishi yake Mpangaji aliyapanga kuliko mazishi yote niliyowahi kuyaona. Hakuna mtu aliyekosa mahali. Wazee walisifu. Kwa siku zote za msiba hakuna jembe lililoinuliwa Kimuli, na kuni hazikuisha.

Niliolewa Nyabiyonza, kwa Kamugisha, mtu mwema, mkulima wa kahawa na migomba, mwenye kaka na wadogo waliojenga kumzunguka. Nikazaa. Kimuli nikawa naenda kumwona mama tu. Ikafika miaka ile ya hamsini, watu wakaanza kusema habari za kujitawala, na mikutano ikafanyika, mingine kwa kibali, mingine bila kibali. Nikasikia kuna mpangaji wa chama anapita vijijini. Vijana walimsifu. Walisema yule mzee akishapita mahali, mkutano unakuwa na watu, na polisi wakija hawajui waanzie wapi. Sikuuliza anafananaje.

Asubuhi moja nimekaa namenya ndizi, nikasikia kikohozi mwisho wa migomba.

Alikuwa amezeeka. Amevaa koti kubwa kuliko yeye, mkononi anakokota baiskeli ambayo nadhani hakujua kuipanda. Akatazama mlango, akatazama jiko.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti Rwegasira. Kamugisha yupo?"

"Amekwenda kukata majani ya ng'ombe. Anarudi."

"Vizuri. Nimempanga na wenzake kwa mkutano wa Jumamosi. Kibali wametunyima, lakini watu watafika."

Niliendelea kumenya. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Nikamwuliza, "Kaijage aliishia wapi?"

Nilidhani atajifanya hajui. Akaegemeza baiskeli kwenye mgomba, akaketi kwenye kizingiti cha mlango wangu, yeye ambaye sikuwahi kumwona ameketi.

"Mtumbwi unakaa matopeni," akasema. "Wanapanda, wa mwisho anausukuma utoke, halafu anarukia. Askari walitokea nyuma yao. Kaijage aliusukuma vizuri, ukatoka. Kurukia hakuwahi."

"Walimshika?"

"Aliingia kwenye matete. Matete yale ndimo viboko wanamolala. Wale waliokuwa kwenye mtumbwi walisikia, hawakuona."

"Ilikuwa safari yake ya kwanza. Kwa nini ulimweka wa mwisho?"

"Wa mwisho lazima awepo." Alisema bila ukali, kama anamfundisha mtu kusuka. "Ningemweka mwana wa Bitegeko, likatokea la kutokea, Bitegeko ana ndugu, ana wakwe, ana watu aliowabeba. Kesho yake Kimuli isingekuwa na kazi tena, wala machela. Wa mwisho unamweka yule ambaye kwao hawatapiga kelele nyingi. Baba yako alikuwa peke yake."

"Wewe ndiye uliyemfanya awe peke yake."

Akafikiri. "Ndiyo," akasema. "Nayo ilikuwa kazi."

Kisu kilikuwa mkononi mwangu, utomvu wa ndizi umenigandia vidole. Sikufanya kitu. Nyuma ya nyumba nikasikia mluzi wa Kamugisha, anakuja na mzigo wa majani kichwani. Alipotokea akamwona mgeni, uso wake wote ukafunguka. Akautupa mzigo chini.

"Mzee wetu, shikamoo. Kumbe umefika mpaka kwangu. Mke wangu, mgeni mkubwa kama huyu anakaa kwenye kizingiti?"

"Marahaba, mwanangu. Nimejikalia mwenyewe," akasema Mpangaji, akainuka.

Kamugisha akaenda kunawa miguu, anaongea kwa sauti toka huko, anasema kaka zake wote wamekubali, anauliza wakutane wapi. Nikasogea karibu na yule mzee, karibu kiasi cha kunusa moshi kwenye koti lake.

"Kamugisha umempanga wa ngapi?"

Hakushangaa. Aliinua macho akatazama nyumba za shemeji zangu ndani ya migomba, moja, nyingine, na nyingine, moshi unatoka kwenye kila jiko, watoto wanaitana.

"Ana watu wengi huyu," akasema. "Yuko katikati."

"Asante, baba," nikamwambia. Nani alikuwa amewekwa mwisho, sikuuliza. Niliingia ndani nikamletea maziwa, naye akayanywa amesimama.